Bwawa la Kinyozi Khampun

Khampun alikuwa kinyozi wa kijiji kimoja kando ya mto Mun, mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kwa miaka ishirini alinyoa watu huku wakimsimulia mabwawa yao: huyu kavua samaki wa kujaza kapu, yule kamwagilia vitunguu kiangazi chote. Yeye alikuwa na kiti, kioo na shamba kavu. Wivu ukamla hadi mifupa. Akauza ng'ombe wake, akaita katapila.

"Wenzako wote wameishia mita tatu," dereva alimwonya. "Chini ya hapo udongo wa mfinyanzi unakwisha, unakuta mchanga."

"Kwani mimi ndio wenzangu? Shuka tano."

Kijiko cha katapila kikatoboa udongo wa mfinyanzi, kikagusa mchanga, na maji yakapanda yenyewe bila tone la mvua. Kifusi Khampun akakirundika upande wa mtoni, tuta refu kuliko paa lake, akapanda migomba juu. Kisha akawasha pampu. Vitunguu vikanywa mchana kutwa, na kila akichota, maji yakarudi. Akaanza kutembea kama mtu aliyevumbua mvua.

Mwezi haukwisha, mama mkwe wake, Buasi, akatokea na sabuni, akashuka bwawani na saruni yake kifuani.

"Mama, kwema nyumbani?"

"Kisima kimekauka."

"Pole, mama. Ila humu nimefuga samaki."

"Samaki ni wako, mkwe wangu. Maji ni yangu. Yamehama tu."

Khampun alidhani ni maneno ya ukongwe. Lakini kinamasi cha nyuma ya hekalu, walikookota konokono kinamama na walikolala nyati wa kufugwa saa za jua kali, nacho kikapasuka nyufa. Maji ya chini kwa chini yalikuwa yakijipenyeza mchangani kufuata shimo lake. Watu walibishana sababu, nyati hawakubishana. Adhuhuri moja walikuja kumi na wanane kwa mstari, wakaangusha uzio, wakazama hadi puani. Nyuma yao wakaja kinamama na vikapu.

"Nuan, wafukuze," alimwambia mkewe.

"Niwafukuze nyati au mashangazi zangu?"

"Anza na walio wapole."

"Basi ni nyati," Nuan akasema, akaendelea kumenya vitunguu.

Mvua zilipoanza, Khampun akapata faraja. Alimtangazia kila aliyekaa kitini kwamba mwaka huo bwawa lake lingemeza mafuriko, na kijiji kizima kingemshukuru. Hakukumbuka kwamba lilikuwa limeshajaa hadi mdomoni, na aliyeshiba hamezi. Mto ulipofura, ukataka kutandaa bondeni kama ilivyo desturi yake. Ukakuta tuta. Ukazunguka, ukapita katikati ya kibanda chake cha kunyolea.

Kioo kilivunjika, samaki wakaenda zao, kiti kikaelea. Asubuhi alikikuta ngazini pa hekalu, mbwa wa watawa amejikunja juu yake.

"Kimekutangulia kuja kutubu," mtawa mmoja alimwambia bila kucheka, jambo lililomuuma Khampun kuliko kucheka.

Buasi hakumpa nafasi ya kulia. Alimfuata jikoni akiwa na tonge la wali wa kunata mkononi.

"Kula, kisha ukate lile tuta mto upite. Kiangazi utakausha shimo, urudishe udongo wa mfinyanzi chini, mita mbili."

"Na nani atakayeushindilia, mama?"

"Wageni wako wanajua njia."

Ndivyo ilivyokuwa. Kiangazi kizima nyati kumi na wanane walizungushwa kwenye udongo mbichi, kwato zikiukanda, na Khampun mbele yao, matope hadi kiunoni, akiwabembeleza kwa majina. Wateja wake walikuja kumtazama, nywele zikiwafunika macho, maana hakuna aliyenyolewa muda wote huo. Sakafu ikaziba. Bwawa lililobaki lilikuwa dogo, na lilingoja mvua kama mabwawa ya wenzake.

Kinamasi kililowa kwanza. Kisima kilichukua misimu miwili ya mvua. Siku maji yalipoonekana, Buasi alimwita mkwewe ateremshe ndoo mwenyewe. Ilipanda nusu, maji ya rangi ya chai, yana ladha ya matope.

"Matamu?" Buasi akauliza.

Khampun alikunywa kata nzima, akajifuta mdomo, akateremsha ndoo tena.