Uso wa Bibi Nisiouona

Msimu wa mavuno uliopita nilirudi Majimoto kwa misa ya kumwombea marehemu mama. Baada ya chakula, watu walipopungua uani, binti wa dada yangu akaniuliza bibi yetu, mzaa baba, alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia: mrefu, mwembamba, mweusi sana, ana mwanya, na akitembea mkono mmoja anauweka mgongoni.

"Kwa hiyo hapo unamwona kabisa, mama mdogo?"

Nikamjibu hapana. Namjua, lakini simwoni. Akadhani natania.

Sikuwa natania, rafiki yangu. Wewe nikikutajia boga, huenda linakujia kichwani na rangi yake na kikonyo chake. Mimi nikifumba macho naona giza, basi. Najua boga likoje, naweza kukueleza mpaka uchoke, ila picha hakuna. Nimezaliwa hivyo, na kwa miaka mingi sikujua kwamba wengine hawako hivyo. Mtu akisema "namwona marehemu kama yuko hapa", nilidhani ni namna ya kusema tu.

Miaka ile ya sabini, nilipokuwa darasa la tatu, mwalimu wetu alituambia, "Fumbeni macho nyie wote. Kila mtu aione nyumba yao. Haya, ichoreni." Wenzangu wakainama kuchora kama wanaonakili kitu. Mimi nikachora ninachokijua: mlango mmoja, dirisha moja, paa la nyasi, jiko nyuma. Mwalimu akaishika karatasi yangu akaigeuza huku na huku. "Hii ni nyumba ya nani sasa? Mbona inaweza kuwa ya mtu yeyote?" Darasa likacheka, na mimi nikacheka nao. Sikuona ubaya wowote. Nilidhani wenzangu wana mikono mizuri kuliko mimi.

Nyumbani kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Mpunga ukianza kushika punje, kwelea huja kama moshi, na usipokuwepo shambani jua linapochomoza, utakuta mabua matupu. Bibi alitutayarishia viazi vitamu vya kuchemsha na karanga, tukavifunga kwenye kitambaa, mimi na mdogo wangu wa kiume, tukaenda kupanda juu ya dungu la miti alilolijenga baba. Kazi ilikuwa kupiga debe, kurusha udongo na kupiga kelele mpaka sauti ikauke. Matope yalinuka, jua lilichoma, na mdogo wangu, ambaye alikuwa hajaanza hata shule, aliuliza maswali tangu asubuhi mpaka tunarudi. Mchana bibi alituletea ugali na perege mkavu wa ziwani aliyeungwa kwa karanga. Mpaka leo sijala samaki mtamu kama yule.

Siku moja, baada ya kula, bibi alipokwisha kurudi nyumbani, kundi kubwa la ndege lilitua upande wa mbali wa shamba. Nikashuka na debe langu nikawafukuza. Niliporudi, mdogo wangu hakuwepo juu ya dungu. Nikamwita. Nikazunguka shamba lote nikimwita. Kisha nikakimbia nyumbani.

Wakati ule pori lilikuwa karibu kuliko sasa. Nyati walikuwa wanakuja mpaka mtoni, na simba tulikuwa tunawasikia. Baba akaja mbio kutoka alikokuwa anakata miti, jirani yetu akaja na mkuki, na dada yangu mkubwa akaitwa kutoka kisimani.

"Alikuwa amevaa nini?" jirani akaniuliza.

"Sijui."

"Hujui vipi? Si mmetoka wote asubuhi? Fumba macho umwone."

Nikafumba macho. "Naona giza," nikasema.

Baba akadhani naficha jambo. Akanishika bega kwa nguvu, na mkono wa pili akauinua. Dada akadakia haraka kwamba mtoto alivaa shati la kaki lililokatwa kutoka shati la baba, limekosa kifungo cha juu, na mfuko umechanika upande mmoja. Alilisema huku anatazama hewani, kana kwamba linaning'inia mbele yake. Nilimshangaa. Yeye asubuhi ile alikuwa amemwona mara moja tu, tukipita.

Ndipo bibi akaushusha mkono wa baba. "Mwache. Huyu hashiki sura, anashika maneno. Namjua tangu mdogo. Mwanangu, nambie mimi. Mwenzio alikuwa anasema nini huko dunguni?"

Hilo niliweza. Nikamweleza bibi mazungumzo yote kwa mpangilio wake. Aliuliza kwa nini ndege hawana meno. Alitaka kiazi changu. Akasikia kengele za ng'ombe, akauliza ndama nao wanavaa kengele? Nikamwambia sijui. Akauliza wanakwenda kulala wapi. Nikamwambia sijui, nyamaza, ndege wale wanakuja.

"Kengele zilikuwa zinaelekea wapi?" bibi akauliza.

"Juu, kwa kufuata mto."

Baba na jirani hawakungoja zaidi. Walifuata nyayo za ng'ombe kandokando ya mto, na njiani wakakutana na kijana anachunga mbuzi. Baba akamtajia shati la kaki lenye mfuko uliochanika. Kijana akasema ndiyo, amemwona, amepita na wale wafugaji wa Kisukuma waliohamia juzijuzi. Jua lilikuwa halijazama waliporudi, mdogo wangu kakaa mabegani kwa baba, ana maziwa mpaka kidevuni. Kambini kwa wafugaji alimkuta mama mmoja aliyempakata na kumlisha. Mama yule hakujua Kipimbwe chetu, mtoto hakujua Kisukuma, kwa hiyo alikuwa anamngoja mumewe arudi wamtafutie kwao.

"Ndama hawavai kengele," ndilo neno la kwanza aliloniambia.

Usiku, wakati wa kula, baba alinimegea kipande kikubwa cha samaki, akaniwekea kwenye ugali wangu.

Baadaye tulihamishwa kwenda kijiji kipya, na bibi akafa huko huko, hakuwahi kupigwa picha hata moja. Siku ya pili baada ya misa nilikwenda na dada kwenye mahame yetu. Hakuna jiko wala dungu. Ni majaruba ya mpunga ya watu wengine tu, na pikipiki zinapita barabarani zimebeba magunia. Dada akasimama, akafumba macho, akatabasamu.

"Namwona hapa anapepeta. Na lile kovu lake."

"Kovu gani?"

"Hulijui? La kuungua mafuta. Chini ya jicho la kushoto, dogo, kama punje ya mpunga."

Miaka yote ile nilikula naye sahani moja, na kovu hilo sikuwa nalo kichwani. Nikamwambia dada aniambie mengine. Tukakaa kwenye tuta la jaruba, akawa anatazama na kusema, taratibu, na mimi nikawa nayashika.