Nilisaga malachite kwa jiwe la jikoni, mke wangu akala

Wakuu, salamu kutoka Otonglo, Kisumu. Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo mkinirekebisha Kiswahili mtakuwa mnamaliza bundles zenu bure. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na chumvi sijatia.

Natengeneza watercolor ya mkono, rangi ya maji ya kuchorea, kutoka kwa mawe ya thamani. Nasaga jiwe mpaka liwe laini kama poda ya mtoto, nachanganya na gundi ya mti na asali kidogo, nakausha kwa visahani. Wachoraji wananunua. Nilijifunza peke yangu, hakuna mtu alinishika mkono.

Wengine husagia kwa kioo. Mimi nasagia kwa pong', lile jiwe la zamani la kusaga wimbi. Nililirithi kwa mama yangu.

Kuna mwalimu wa art kutoka Bondo, mama kijana, customer wangu. Siku moja alinikuta nasaga malachite, lile jiwe la kijani lenye mistari.

"Mzee, hiyo ina shaba, ni sumu. Funika pua. Na hiyo pong' isirudi jikoni."

Nikamwambia, "Mwalimu, wewe chora. Kusaga niachie mimi."

Hata mke wangu sikumwambia. Ningeanzia wapi? Kwamba nimefundishwa kazi yangu na mtoto wa juzi?

Wiki hiyo hiyo nikaenda Awasi kutafuta mawe. Pong' niliiacha nje, nimeisuuza na maji tu. Mke wangu, Mama Akinyi, akaichukua, akasagia simsim ya kuweka kwa mboga.

Nilirudi mchana, nikamkuta nyuma ya nyumba ameinama, anatapika. Matapishi yalikuwa ya kijani inayoelekea buluu.

Nikajidanganya ni mboga. Lakini hiyo rangi naijua, wakuu. Nimeiuza miaka.

Nikamkimbiza kliniki ya karibu.

Kwa kliniki daktari akauliza kama amekunywa maji ya ziwa. Alikuwa anafikiria kipindupindu.

Nikasema ndio.

Mnasikia? Nilisema ndio! Benchi lilikuwa limejaa watu wanaonijua kama fundi. Nikaogopa macho yao.

Wakamwekea drip. Nikamshika mkono, baridi kama samaki. Akafungua macho, akaniuliza polepole, "Baba Akinyi, mbona unatetemeka? Kwani mgonjwa ni nani hapa?"

Hapo nikasimama, nikasema benchi lote lisikie: "Daktari, si maji. Amekula jiwe. Nilisaga sumu kwa jiwe la jikoni, na nilikuwa nimeonywa."

Daktari akaniuliza, "Mzee, ulikuwa unangoja azimie?"

Wakatukimbiza hospitali kubwa. Siku tatu tulingoja kujua kama figo zitashika. Mimi sikumeza kitu. Siku ya nne akaitisha chai, akalalamika haina sukari. Nililia kama mtoto.

Amepona, wanasema. Lakini kila asubuhi namchungulia macho kama yana umanjano, na akikohoa tu, moyo unaruka.

Mwalimu nilimpigia simu, nikamwomba msamaha. Pong' nimeizika.

Somo langu ni hili: kujifundisha kazi si dhambi. Dhambi ni kuona aibu kusema hujui, mpaka mtu wa nyumba yako alipe.

Kama kuna mwingine hapa anasaga mawe, aseme anatumia nini na anaosha namna gani. Na mwenye matusi ayalete. Leo sijibizani na mtu.