Mara ya Saba Sikutumwa

Mwaka ule mke wangu alipofariki, nilikunywa pombe ya kutosha kujaza bwawa la Masinga na bado nikadai nina kiu. Siku moja nikaingia kiwandani Athi River nimelewa, nikashona mifuko ya suruali za zamu nzima ikawa haipitishi hata kidole. Meneja akanipa barua: niende kwa kaunsela Jumatano sita, kila mara fomu itiwe sahihi, la sivyo kazi ndiyo basi.

Kaunsela alikuwa mama mtu mzima, ofisi yake nyuma ya kanisa mjini Machakos. Nilimfurahisha mno. Nilimwambia mke wangu yuko Kalama, mnene, mwenye afya, analima shamba lisiloonekana mwisho, na muthokoi wa mahindi na maharagwe anaopika hata askofu angeomba kuongezwa. Mama alicheka mpaka akavua miwani.

Kiwandani walinichokoza. "Wewe, dawa ya wazimu inafanya?"

"Inafanya. Daktari ndiye anakaribia kupona."

Kusema haki, pombe nilipunguza, kwa kuiogopa ile barua. Lakini nyumba ilibaki vile vile: sahani moja, kikombe kimoja, na redio niliyoiacha ikiongea ili wapita njia wadhani nina wageni.

Jumatano ya sita fomu ikajaa. Meneja akaipokea, akaniambia nirudi kwenye mashine yangu, na mambo yakaishia hapo. Jumatano iliyofuata nilitoka zamu ya asubuhi, nikajikuta nimeketi tena mbele ya yule mama. Bila barua mkononi nilijiona kama niko uchi.

"Wamekupa fomu ingine, baba?"

"Hapana, mama. Leo nimejileta."

"Haya, karibu. Na huko Kalama, mkeo hajambo?"

Mara sita swali hilo lilikuwa limenifungulia ghala la hadithi. Sasa ghala lilikuwa tupu. Nikatazama sakafu.

"Alifariki," nikasema. "Hata kabla sijaanza kuja hapa. Nilikudanganya."

Hakunikemea. Alisogeza kiti chake karibu, akauliza kwa upole, "Alikuwa anaitwa nani?"

Tangu mazishi sikuwa nimelitamka jina lake, wala hakukuwa na mtu wa kuniuliza. Nilikaa nalo mdomoni, nikiogopa litatoka na machozi. Mwisho nikalitaja, kisha nikalitaja tena.