Migomba ya Papa Kule Kasha

Watu wa Bagira watakuambia kama mimi Monique niko na mudomo. Sikatai. Mutu akizaliwa katikati ya ndugu wawili wanaume, mumoja anajua yote na mwengine hasemi kitu, lazima wa tatu aseme. Anayejua yote ni Télesphore, mukubwa wetu, shemasi wa kikundi cha sala. Asiyesema ni Hugues, kitinda mimba. Nataka kuongea juu ya Hugues, kwa sababu kila mutu hapa anaongea juu yake na hakuna anayeongea vizuri.

Hugues alikwenda Luhwindja kuchimba zahabu akiwa kijana wa kucheka cheka. Alikaa kule miaka. Kisha shimo likaanguka, yeye na rafiki yake Sagesse wakabaki chini, mu giza, wakishikana mikono. Wenzao walichimba mpaka wakawafikia. Hugues alikuwa anapumua. Sagesse alikuwa amepoa zamani, na ilibidi wawaachanishe vidole kimoja kimoja.

Akarudi kwetu Kasha, pale muji unaisha na mashamba yanaanza, mu parseli, kile kiwanja cha papa yetu, baba aliyetuzaa. Télesphore anakaa mu nyumba kubwa na muke na watoto. Mimi mujane niko na vyumba viwili nyuma, na kimoja nikamupatia Hugues. Nilipofunga mulango tu akaanza kutoka jasho na kupigapiga ukuta. Nikafungua. Toka hapo alilala mulango wazi, na mimi nikalala na baridi yote ya ziwa, nikimutukana kimoyomoyo na kumuongezea blanketi.

Wanasema mugonjwa haulizwi uji, kwa hiyo sikumuuliza. Nilimupikia sombe ya majani ya muhogo, nilimukaangia sambaza, samaki wadogo wa ziwa, nikamuwekea sahani mbele. Aliiangalia mpaka inzi wakaanza kula. Daktari alimupa vidonge vya usingizi, akavimeza, akabaki kutazama dari. Niliogopa sana. Nilifikiri tumeletewa mwili tu, na Hugues mwenyewe alibaki kule na Sagesse.

Nyuma ya nyumba kuna migomba ya papa. Aliipanda yeye mwenyewe, na alipokufa tulimuzika humo ndani, kama desturi yetu huku Bushi, inchi ya wazee wetu. Asubuhi moja nikaona kitanda cha Hugues kitupu. Nikamukuta amekaa chini ya migomba, miguu mu udongo, mvua kidogo ikimudondokea kutoka kwenye majani. Nilitaka kumugombeza. Lakini niliona mabega yake yameshuka, na toka arudi sikuwa nimeyaona yameshuka. Nikamuacha.

Akawa anakwenda kila siku. Kwanza alikaa tu. Kisha mikono ikaanza kutafuta kazi: akatoa majani makavu, akasimamisha miti chini ya mikungu mizito isivunje mugomba, akapalilia, akapanda mateke, yale magimbi, pale chini penye maji. Siku moja nikiwa napita na ndoo nikasikia sauti ikiniita yaya, kama tunavyoita ndugu mukubwa, mwanaume au mwanamuke.

"Yaya, huyu papa alipanda hizi migomba karibu karibu sana."

Hilo ndilo neno lake la kwanza, kumulaumu marehemu. Nilicheka mpaka ndoo ikamwagika, kisha nikajifanya nafuta jasho na kitambaa cha kichwa, maana sikutaka anione nalia.

Toka siku ile alikula. Jioni nilikuwa nakwenda kumusaidia kupalilia, na hapo ndipo aliniambia kidogo kidogo ya shimo. Sikumuuliza hata mara moja, mimi na mudomo wangu wote.

"Kule chini udongo iko juu yako, yaya. Haiote kitu. Unasikia tu harufu ya mutu na ya tochi," alisema. "Hapa naweka jembe, naona mududu, naona muzizi, naona inaenda wapi. Roho inatulia."

Jioni ya mvua kubwa akarudisha mulango nusu, yeye mwenyewe, bila kuambiwa. Nilibaki kitandani nimeshika rozari na sikusali kitu, nilikuwa tu na furaha.

Sasa Télesphore. Msifikiri ni mutu mubaya. Alifunga kula kwa ajili ya Hugues mpaka suruali ikawa inamuanguka. Lakini alimuona ndugu yake amekaa karibu na kaburi la papa kutwa nzima, midomo inacheza, na mu kikundi chao mutu akaota ndoto kama kuna roho imefungwa mu migomba. Basi.

Alikuja kwangu na uso wa kilio.

"Monique, ndugu yetu anaongea na wafu."

"Anaongea na migomba. Wewe unaongea na mikro ya kanisa kila juma, nani alikupeleka kwa daktari?"

"Usichezee mambo ya Mungu. Papa anamuita. Tukikaa hivi tutamuzika pale pale."

"Anakula, Télesphore. Analala. Unataka nini tena?"

"Mimi ndiye mukubwa," akasema. "Asiyesikia la mukubwa huvunjika muguu."

"Basi mimi nilipewa miguu mingi, maana nimekukatalia toka utoto na bado natembea."

Aliondoka akifuta macho, na mimi nilifikiri nimeshinda.

Siku ya soko nikamuambia Hugues anibebee mukungu wa ndizi. Toka arudi hakuwa amefika mbele ya watu. Alisimama kidogo, akaubeba begani, tukapanda mpaka Bagira. Alisalimia watu. Mama mumoja akamuuliza ndizi nzuri hivi zimetoka wapi, naye akajibu, "Ni za kwangu, maman, ni mimi nazilimia." Nilisikia hilo neno "za kwangu" na moyo ukaruka. Wakati wa kurudi alitembea mbele yangu akipiga muluzi.

Tulisikia nyimbo kabla ya kufika. Watu wa sala walikuwa nyuma ya nyumba na mapanga, Télesphore katikati yao ametoa shati, amelowa jasho. Hakuna mugomba uliobaki umesimama. Maji yake yalikuwa yanatiririka chini, na mateke yote yamekanyagwa.

Hapa lazima nieleze, kwa watu wasio wa kwetu. Bushi hakuna anayemukatia mwengine migomba bure. Zamani mutu akiua ndugu, au akishikwa na uchawi, watu wa kilima walikuja kumukatia migomba, bila kumuambia neno. Mwenyewe alikuwa anafunga mikeka, anaondoka na harudi. Mutoto mudogo wa kwetu anajua hilo. Télesphore pia anajua, babu alitusimulia sote watatu kwenye moto mumoja. Lakini siku hiyo alikuwa anatafuta roho, na hakuona alichokuwa anafanya na mukono wake.

Akamujia Hugues na mikono wazi.

"Ndugu yangu, umefunguliwa leo."

Hugues alimuangalia yeye, akaangalia panga.

"Nimekukosea nini, yaya?"

"Hujanikosea kitu. Ni adui tumemukata. Sema asante kwa Yesu."

Hugues aliingia mu chumba, akaweka nguo mu mufuko wa unga, akatoka. Nilimufuata mpaka barabarani nikiwa na kiatu kimoja, nikimushika shati.

"Hugues, ni ujinga wa Télesphore, wewe unamujua. Migomba inaota tena, mizizi iko."

"Itaota, yaya."

"Sasa unaenda wapi?"

"Luhwindja."

"Mule ndani? Wewe, mule ndani?"

Alitoa vidole vyangu kwenye shati, polepole, bila hasira.

"Mutu akikukatia migomba, unangoja akufukuze tena na mudomo?"

Lori la mizigo likasimama. Akapanda juu ya magunia, akanipa mugongo. Nilipiga kelele jina lake mpaka sauti ikaisha, na wapita njia wakadhani nimefiwa.

Télesphore alinikuta nimekaa pembeni ya barabara. Aliniuliza Hugues amekwenda wapi na kwa nini. Nikamurudilia neno lile lile la Hugues juu ya kukatiwa migomba, kama lilivyosemwa, na sikuongeza langu. Kwanza alifungua mudomo anijibu. Kisha nikaona limemufikia. Panga lilikuwa lingali mukononi, akaliangalia, akaniuliza kwa sauti ya mutoto kama tunaweza kumupigia simu. Hugues hana simu. Aliiacha shimoni siku ile lilipoanguka, na hakutaka nyingine.

Tulituma watu Luhwindja. Wa kwanza alisema amemuona akishuka mu shimo. Wa pili alisema hakumuona.

Sina nguvu tena ya kumutukana Télesphore, na yeye haniambii tena kama ni mukubwa. Tunakula kwenye sahani moja. Simu yangu ikilia na namba nisiyoijua, tunaangaliana mimi naye, kila mumoja akiogopa habari ya Luhwindja, na tunaiacha ilie mpaka inyamaze.