Rangi ya Mzee Nandonde

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Ubora alinikabidhi kipimo kidogo cha mkononi, akanionya nisikiangushe. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu. Nikamuuliza kinafanyaje kazi.

"Pima kwanza, msomi. Maswali yana foleni."

Karakana yetu ya umma, pale Mchafukoge, ilipaka rangi fremu za madirisha za alumini. Alumini haivutwi na sumaku, kwa hiyo vipimo vya sumaku vya kupimia rangi juu ya chuma havikufaa. Chetu kiliamsha umeme mdogo ndani ya alumini. Rangi ikiwa nene, umeme ule hufifia, na mshale huonyesha unene. Lakini kwanza mshale huwekwa kwenye sifuri juu ya kipande kitupu cha alumini ileile.

Kipande chetu kilipopotea, niliomba tukate fremu moja. Msimamizi akakataa: mali ya umma haikatwi ovyo. Akaenda Kariakoo, akarudi na mfuniko wa sufuria.

"Tunajitegemea, ndugu. Alumini ni alumini."

"Huu ni mwembamba, tena umebinuka. Utapunguza kila kipimo."

"Una mdomo kama redio ya kinyozi!"

Wiki ileile, fremu za Mzee Nandonde, mpaka rangi wetu kutoka Newala, zikasoma chini ya kiwango. Akaitwa kwa Meneja, akaambiwa anaiba rangi.

"Nimepiga rangi mikono miwili, kama mlivyotaka," alisema. "Muulizeni huyu kijana."

Nikaeleza habari ya mfuniko. Meneja akauliza tangu lini chuo kikuu kinafundisha kutetea wezi. Mzee akaachishwa kazi, na habari kwamba ni mwizi zikafika hadi kwa majirani zake Magomeni.

Baadaye alikuja mkaguzi kutoka wizarani. Akakata fremu tupu bila kumwomba mtu ruhusa, akaweka sifuri, akapima upya. Rangi ya Mzee ilikuwa sawa kabisa. Meneja akanituma Magomeni nikamwite.

Nilimkuta akifunga mizigo.

"Shikamoo, Mzee. Wamekubali walikosea. Wanasema urudi."

"Marahaba. Wamekuja kuwaambia majirani?"

"Hapana. Wamenituma mimi kwako."

"Basi wasalimie, mwanangu."

Akarudi Newala na familia yake. Sikumwona tena.

Mimi nilipanda hadi Msimamizi wa Ubora, na katika cheo hicho nikastaafu. Vijana huniuliza kama vipimo vya siku hizi vinaaminika. Vinaaminika, ukivianza vizuri. Ninachosikitikia ni kwamba tulikuwa na utaratibu wa kukagua fremu iliyokataliwa, lakini wa kwenda mtaani kumsafisha mtu jina hatukuwa nao. Niliupendekeza kwa mameneja wote niliofanya nao kazi. Kila mmoja alinijibu kwamba hiyo si kazi ya karakana.