Benchi Alilonitengenezea Jikwamue

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, jina lake la kuzaliwa siku hizi hulitaja mama yake tu. Sisi wengine twamwita Jikwamue. Alilipata kwa mdomo wake mwenyewe. Gari lolote likiingia uani kwake, kabla hajagusa hata boneti, alimwuliza mwenye gari, "Na hili likikwama porini pasipo na mtu, litajikwamua vipi?" Watu wakacheka, jina likaganda.

Zamani alikuwa dereva wa malori. Mgongo ulipomkataa akafungua gereji nyuma ya nyumba: mabati pande mbili, shimo la kuingilia chini ya gari, meza ya chuma yenye jiliwa la kubania vyuma. Akapata gari kuukuu, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, akalitengeneza muda mrefu hata binti yangu akawa anasema yeye ni mke mdogo, mke mkubwa yuko uani anapakwa grisi. Mbele akalifunga winchi, mashine yenye kamba ya chuma ambayo gari hujivuta nayo. Ubavuni akalipachika bomba la kupumulia linalopanda mpaka paani, injini isije ikanywa maji mtoni. Watoto wa mtaa wakaliita tembo. Akaongeza tangi la pili la dizeli na betri ya akiba. Vifaa vya kujikwamulia vikakaa sebuleni, maana uani kuna wezi: mkanda mnene wa kuvutia, jeki refu kama mtu, pampu ya kujazia upepo, rimoti ya kuendeshea winchi, sepetu, nanga ya kuchimbia ardhini pale ambapo winchi haina mti wa kushika, na mbao mbili za chuma zenye matundu, za kutandika chini ya tairi mchanga ukishika. Mimi nilikuwa nakaa kwao kwa ajili ya magoti yangu. Nimejikwaa kwenye zile mbao mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Kazi hiyo yote ilikuwa na shabaha moja. Kulikuwa na mama mmoja, Injinia wa wachimba visima, aliyetafuta mtu wa kuwapeleka wapimaji wake katika nchi kavu ya mbali, safari za mwaka mzima. Alikuja akalizunguka gari, akapiga teke tairi, akasema, "Magari yaliyopambwa nimeyaona mengi. Hili lilete kambini kwangu. Likifika kwa nguvu zake, kazi ni yako. Likija linavutwa, tusitafutane." Jikwamue akaitikia kama mtu anayekula kiapo. Binti yangu naye alikuwa ameshasema, kazi hii ikikosekana gari linauzwa, na yeye anarudi kwenye malori na mgongo wake huohuo.

Sasa dada yangu anaishi mbele kidogo ya kambi hiyo. Nikasema nakwenda.

"Mama, na magoti?" akauliza binti yangu.

"Magoti ni yangu. Nitayabeba mwenyewe."

Jikwamue hakunibishia. Hajawahi kunibishia. Huyu ni mtu ambaye nikiingia sebuleni anazima redio na kusogea mpaka ukingoni mwa kochi, kana kwamba ameliazima. Alikwenda uani akanitengenezea benchi nyuma ya gari, refu la kutosha kunyoosha miguu. Sanduku la mbao chini, godoro juu, shuka safi, mto. Binti yangu akamwambia nikisikia, "Usimsumbue mama njiani."

Nilipanda nikalijaribu. Raha tupu. Nikamwambia, "Baba, mimi nikishakaa hapa sihamishwihamishwi."

Nilisema kwa mzaha. Nadhani. Kwangu mzaha na amri vina sauti moja, na yeye hana mazoea ya kunitazama usoni akajua kipi ni kipi.

Tukaenda vizuri mpaka kwenye mto mkavu, kambi ikiwa tayari inaonekana ng'ambo, mahema na mtambo wa kuchimbia. Mchanga wake ulikuwa mlaini kama unga. Katikati gari likaguna, likainama nyuma, likasimama. Akajaribu mbele, akajaribu nyuma. Kila akikanyaga mafuta, tunazama.

Akashuka, akaja akafungua mlango wa nyuma. Nilikuwa nimevua viatu, mguu wangu uliovimba uko juu ya mto.

"Mama, umelala?"

"Sijalala."

"Haya, mama." Akafunga mlango.

Nikamsikia anachimbua mchanga kwa mikono, kama mbwa anayefukua mfupa. Baadaye akaanza kutumia sufuria yetu ya chai. Akatoa upepo kwenye matairi, nikausikia unavyozomea. Akapiga moto, gari likazidi kukaa kwa tumbo. Akarudi mlangoni, jasho linamdondoka puani.

"Mama, hujambo hapo?"

"Sijambo, baba. Wewe fanya kazi yako, usinihangaikie."

Akatazama godoro. Akanitazama mguu. Mimi nikawaza, mkwe wangu ana adabu huyu, gari limezama na bado anakuja kunijulia hali. Nikasifia malezi aliyopewa, nikamsifia na binti yangu kwa kuchagua. Nikageukia upande wa pili nisimwone anavyohangaika, maana mwanamume akihangaika hapendi kutazamwa.

Akaja mara nyingine. Alishika ukingo wa benchi kwa vidole viwili, akauachia, akaenda.

Kutoka kambini wakatuona. Wakamtuma dereva wa trekta. Huyo alikuja anacheka tangu mbali.

"Bwana, winchi unayo usoni, pua unayo kama tembo, na bado umelala hapa? Rimoti ya winchi iko wapi?"

"Iko," akasema Jikwamue.

"Iko wapi?"

"We vuta tu, kaka."

"Mficha uchi hazai," yule akasema, akafunga mnyororo.

Tukavutwa mpaka kambini, mbele ya wachimbaji wote, wengine wameacha sahani zao wasimame watutazame. Mimi niko nyuma nimekaa wima kama bibi harusi. Injinia alikuwa amesimama mikono kiunoni. Alinipa shikamoo, nikaitikia, kisha akamgeukia mkwe wangu.

"Nionyeshe vifaa vyako."

Jikwamue akatazama viatu vyake. Mikono ilikuwa imechubuka, kucha zimejaa mchanga. "Nimevisahau nyumbani," akasema.

Hapo ndipo nilipoduwaa. Asubuhi ya kuondoka sebule ilikuwa tupu. Nilipita bila kujikwaa. Nikateremsha mkono taratibu ukingoni mwa godoro, nikapapasa, nikakuta chuma baridi chenye matundu.

Mtu mzima, mwenye wajukuu, nimekalia sepetu, nanga, rimoti na mbao za mchanga, nikimwambia fanya kazi yako usinihangaikie. Naye amekubali kuitwa mpumbavu mbele za watu, anayesahau vyombo vyake nyumbani, kuliko kusema mama mkwe ndiye amevikalia. Ningeweza kunyamaza. Kusema kweli nilinyamaza kidogo, nikingoja Injinia aondoke zake. Hakuondoka.

"Hakusahau," nikasema. "Vipo. Nimevikalia mimi."

Mmoja wa wachimbaji akakohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko, na dereva wa trekta akageukia trekta lake akaanza kulifuta, ingawa halikuwa na haja ya kufutwa.

Nikashuka. Hakuna aliyenisaidia, walikuwa hawajui pa kunishika. Injinia akainua godoro mwenyewe, akaona zile mbao, akafungua sanduku, akaona kila kitu kimepangwa na kufungwa kwa kamba, kila kimoja kimefunikwa gunia, visigongane na kunisumbua.

"Vifaa vizuri," akasema. "Mpangilio mzuri sana."

Nikadhani tumeokoka. Nikajitia kimbelembele, "Kosa ni langu, mwanangu, usimhukumu yeye."

"Mama, sikuhukumu wewe." Akamtazama Jikwamue, bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kaka, huko ninakowapeleka wapimaji wangu hakuna trekta. Mmoja akiwa mzee, mmoja akiwa bosi, mmoja akiwa mgonjwa amelala juu ya nanga yako, utamwamsha?"

Akaanza kuifunika nanga upya kwa gunia lake. Na mimi, ninayejibu hata nisipoulizwa, nikatafuta viatu vyangu.

"Sitaweza kukupa kazi," akasema. Akatupatia maji ya kunywa, akaenda.

Tukafika kwa dada yangu. Dada akauliza habari za safari, Jikwamue akasema nzuri. Alikula akiwa amegeukia ukutani. Nami sikumwambia dada chochote, nilisema kichwa kinaniuma nikaenda kulala mapema.

Siku ya kurudi tukafika kwenye mto uleule. Akasimamisha gari kabla ya mchanga. Akakaa na usukani wake. Kisha akashuka, akaja mlangoni, akainamisha macho chini kabisa, mpaka nikaona kisogo chake.

"Mama." Sauti ilikwaruza. "Naomba ushuke."

Nikashuka na viatu mkononi. Akatoa godoro langu akaliweka juani, akatoa kila kitu, akapunguza upepo, akavuka akiwa na zile mbao karibu na mkono. Gari lilikwama tena katikati, akatandika, likapanda. Kwa urahisi tu. Kambini hakuwapo mtu wa kuangalia, walikuwa wamehamia kisima kingine. Nilivuka kwa miguu nyuma yake, polepole, kila hatua goti linanisuta.

Gari liliuzwa. Amerudi kwenye malori, mgongo wake anaufunga mkanda asubuhi kabla hajatoka. Siku za mapumziko bado watu huja uani awatengenezee magari yao ya safari. Huwaambia vifaa vya kujikwamulia vikae mlangoni, visiwekewe kitu juu, wala mtu.

"Mtu?" mteja mmoja aliuliza juzi, anacheka. "Nani atavikalia?"

Jikwamue akaendelea kukaza nati. Mimi nilikuwa kizingitini nachambua mchele. Niliinuka nikaingia ndani, na mchele nikauacha palepale nje, kuku wakala.