Nyumba Mpya ya Fuvu

Watu wa mtaa wa Sanità, pale Napoli, hawaogopi mifupa. Wanaishi nayo. Titina, mwanamke wa miaka hamsini na sita, kawatembeza wageni kwenye vyumba vya maziko chini ya kanisa la mtaani kwao miaka ishirini na miwili, wala hajawahi kushtuka. Alichokiogopa siku zile ni simu. Mumewe Sabatino, fundi viatu mwenye maneno mengi kuliko redio, alikuwa hospitalini siku ya tisa bila fahamu, na madaktari walishasema: kukiwa na lolote, tutapiga. Basi kila asubuhi Titina akaifungia simu kwenye kabati la sakristia, chumba cha mavazi ya padre juu kanisani, na kushuka chini, ziara baada ya ziara, hata zile zisizo zamu yake. Huko chini habari mbaya haina pa kupitia. Ujinga? Ujinga mtupu! Lakini usimcheke mpaka yakukute.

Kulia hakulia. Hilo ndilo lililomtia aibu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, hata kahawa aliinywa kama maji ya bomba.

Aliyelia kwa niaba ya ukoo mzima ni mama yake mdogo, Filumena. Siku ya kwanza tu alishuka akachagua fuvu lisilo na mwenyewe, akalisugua kwa kitambaa mpaka likang'aa, akaliweka ndani ya boksi la biskuti, akaanza kuliomba.

"Njoo na wewe umwombe," akamwambia Titina.

"Mama mdogo, huyo namjua. Miaka yote hii namfuta vumbi, hata ahsante hajanipa."

"Haya, shauri yako. Kiburi hicho kitakuponza."

Siku hiyo ya tisa, karibu saa sita mchana, Titina alikuwa na Wajerumani kumi na wanne. Akawaambia yale yale, kwa sauti ile ile. "Hawa ni maskini waliozikwa bila jina. Ukimtunza mmoja na kumwombea, naye anakuombea. Akikunyima, unamrudisha kwenye lundo, unachukua mwingine. Akikupa, unamtafutia nyumba nzuri zaidi."

Mara Filumena huyo, anateremka ngazi akihema, mikononi kabeba kisanduku kipya cha kioo chenye mto mwekundu.

Titina aliwaacha wageni akamfuata. Kwa mara ya kwanza katika siku tisa alihisi kitu, na kitu chenyewe kilikuwa furaha, ikamchoma kifuani mpaka akashika ukuta.

"Mama mdogo! Kapona?"

Filumena hakumtazama. Alilitoa fuvu kwenye boksi la biskuti, akalibusu kwenye paji, akalilaza juu ya mto.

"Alifumbua macho saa tatu," akasema. "Akakuita. Titina yuko wapi? Titina yuko wapi? Nikamwambia anakuja."

"Na sasa?"

"Saa nne akayafumba. Hakuyafumbua tena, mwanangu."

Furaha ile ilishamtoka Titina, na ganzi ikarudi mahali pake, nzito kuliko mwanzo.

"Kosa ni langu," Filumena akaendelea, machozi yakimtiririka. "Nilimwomba huyu, mumeo afumbue macho, basi. Nilidhani akishafumbua, mengine yatafuata yenyewe. Huyu maskini katimiza nilichomwomba. Siwezi kumdhulumu nyumba yake, ahadi ni deni."

"Mbona hamkunipigia?"

"Hatukukupigia? Mara kumi na moja, Titina! Mara kumi na moja!"

Mgeni mmoja, mama wa makamo, hakuwa ameelewa hata nusu ya maneno yale. Akauliza polepole, kwa Kiitaliano cha kujifunza, iwapo bibi yule amepewa alichoomba.

"Ndiyo, mama, amepewa," Titina akajibu, kwa sauti ile ile ya kazi. "Aliyekosekana ni mimi."